Jua Lililowahi Siku Mbili

Gunnvor alifika kanisani na nguo zake za Jumapili, kitabu cha nyimbo kwapani, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli.

Aligonga. Alidhani mchungaji anaumwa. Alikuwa amepiga makasia saa nzima kuvuka ghuba, peke yake, theluji ikimtua mabegani, na kengele haikulia hata mara moja.

Aliyetokea ni Eilert, mtoto wa kaka yake, mwenye duka mkabala na kanisa. Alikuja na aproni yake kiunoni.

"Shangazi, unafanya nini hapa?"

"Nimekuja ibadani. Mmelala nyote?"

"Leo Ijumaa, Shangazi. Mchungaji yuko kwake anapasua kuni."

Wanawake wawili walichungulia kutoka dukani. Mmoja akasema, wala hakupunguza sauti, "Ng'ambo kule wana wiki yao." Wakacheka, kisha wakaona haya.

Gunnvor alikaa kwenye ngazi. Alijua kinachofuata. Walipomzika Anders, mumewe, miaka mitatu nyuma, Eilert alikubali Gunnvor abaki ng'ambo, nyumbani kwake, kwa sharti moja: siku akianza kupotewa na akili, atahamia chumba cha juu ya duka. Gunnvor mwenyewe aliapa mbele ya mchungaji, na kiapo ni kiapo.

"Jua ndilo limeniponza," alisema.

Nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya mlima. Tangu Novemba mlima huziba jua, na karibu kila mwaka, tarehe tisa Februari, saa sita mchana, jua huchungulia juu ya ukingo na kugusa dirisha la jikoni. Siku hiyo watu wa upande ule huweka donge la siagi dirishani, jua lipate kulilainisha. Zamani zilikuwa nyumba saba zenye siagi madirishani. Sasa ilibaki yake.

Na tangu utotoni waliambiwa: mtu hukosea, kalenda husahauliwa, lakini jua alilitengeneza asiyekosea.

Basi Jumatano, kalenda yake ikisema tarehe saba, mawingu yalipasuka na jua likaingia jikoni. Gunnvor alisimama na sufuria mkononi. Siku mbili zimempotea. Zimepotelea wapi? Alilala? Alikaa tu kitini, akiutazama ukuta? Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Alichukua penseli, akapigia mstari siku mbili zaidi, ikawa Ijumaa, tarehe tisa, akaweka siagi dirishani.

"Na ile habari ya Krismasi?" Eilert aliuliza, taratibu sasa. "Uliyemwitikia 'karibu' alikuwa nani?"

"Ukuta ulibishwa. Mara tatu. Nikadhani…"

"Huna jirani, Shangazi. Nani wa kukubishia? Twende tukafungashe vitu vyako."

Ragna, mwalimu wa shule, alikuwa amekuja kununua mafuta ya taa. Alisikia yote. Alikuwa mtu wa kuuliza mno; watoto walimwita Mwalimu Kwa-Nini, naye alijua.

"Nitakwenda nanyi," alisema. "Kama anahamishwa kwa ajili ya jua, ngoja kwanza nilione hilo dirisha."

"Mwalimu, hili si somo."

"Si somo. Nipishe nikae mashuani."

Walivuka. Eilert ndiye aliyepiga makasia. Walipofika, alipanda darini kushusha sanduku, na Gunnvor akaanza kukunja shuka, moja moja, kama mtu anayesubiri kuambiwa aache.

Ragna alianza na kalenda. Alipitia kila siku iliyopigiwa mstari na kuilinganisha na daftari la maziwa, na barua, na Jumapili alizohudhuria ibada.

"Mpaka Jumatano hakuna kosa," alisema. "Ile Jumatano ilikuwa tarehe saba kweli."

"Basi nimeota jua."

"Siagi imeyeyuka kwenye ubao hapa, Mama. Ndoto haiyeyushi siagi."

Alikagua ubao wa dirisha. Anders alikuwa amekata alama kwa kisu kila mwaka jua liliporudi, na tarehe kando yake. Tisa, tisa, nane, tisa. Mwaka wa mawingu aliacha pengo. Saba haikuwepo hata moja.

"Dirisha hili limewahi kubadilishwa?"

"Alilitengeneza Anders tulipooana. Halijaguswa."

Ragna aliweka bakuli la maji juu ya ubao, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji. Maji yalikaa sawa na ukingo; nyumba ilikuwa imesimama wima kama siku ilipojengwa.

Sanduku lilitua sakafuni. "Umeridhika, Mwalimu?" Eilert aliuliza. "Siku ziko sawa, dirisha liko sawa. Na jua halina haraka, hilo unawafundisha watoto mwenyewe. Kimebaki kichwa cha Shangazi."

Gunnvor alikuwa ameshika shuka ya mwisho kifuani, ile waliyolalia yeye na Anders, na midomo yake ilikuwa ikisogea. Alikuwa akimwomba Mungu amwachie akili kidogo tu, kiasi cha kuyakumbuka majina ya watu wake.

Ragna alitoka nje. Kupitia dirishani walimwona amesimama uani, ameinua uso kwenye ukungu uliofunika mlima. Alisimama hivyo muda mrefu, kama anayesikiliza.

Aliporudi hakufunga mlango.

"Eilert, liache sanduku. Acha kila kitu. Mshike Shangazi yako mkono, twende kwenye mashua."

"Sasa wewe naye umeingiwa na nini?"

Ragna alikuwa ameshachukua koti la Gunnvor na alikuwa akimvisha, vifungo vikimshinda.

"Mama, hukupoteza hata siku moja," alisema. "Ukuta wako ulibishwa na mawe. Na jua halikuwahi. Mlima ndio umeshuka, na bado unashuka."