Viatu vya Mlangoni

Bwana Mshangama, afisa wa ustawi, hakuketi alipokaribishwa. Macho yake yalikuwa kwenye viatu vyeusi vya kiume vilivyopangwa mlangoni.

"Umeandika mumeo kakuacha, ndiyo maana unaomba upewe ruzuku ya mwezi ujao mapema. Hivi ni vya nani?"

"Ni vyake. Aliviacha," alisema Sikudhani.

"Kaondoka tangu masika, na viatu bado vinang'aa?"

"Navipiga rangi mwenyewe kila asubuhi, bwana, ili wapitao wadhani kuna mwanamume ndani. Komeo langu limevunjika."

Afisa aliguna. Akainama, akaingiza vidole ndani ya kiatu kimoja, akavitoa vimejaa vumbi na utando wa buibui. Alivitazama kitambo, kisha akatia saini fomu.

"Lakini viondoe hapa. Mkaguzi akivikuta, jina lako linafutwa."

Alipokwenda zake, Sikudhani aliviokota viatu, akaviingiza ndani.

Ng'ambo ya njia, wanaume wawili waliokuwa wakicheza karata waligeuza vichwa. Mmoja alizifunika karata zake, akabaki akipatazama pale viatu vilipokuwa.