Saa Sita Kushoto

Nilikuwa nimeshapiga mstari wa kwanza wa alama nyekundu ya kosa kwenye daftari la Cyiza, kuanzia pembe ya juu ya ukurasa, nilipoona kwamba grafu yake ilichorwa kwa uangalifu kuliko zote.

Swali nililitunga mwenyewe, nikajisifu. Kina cha mto Sebeya usiku ule wa mafuriko: saa kwenye mhimili wa chini, mita kwenye mhimili wa kando. Mchoro unapanda ghafla saa tisa usiku. Kazi yao ilikuwa kuusogeza wote juu kwa mita mbili. Nilidhani mfano wa nyumbani ungewaingia haraka.

Cyiza aliusogeza kushoto, kwa saa sita.

Nikamwita mezani, darasa lote likisikia. "Swali linasema juu. Ulisoma?"

"Nilisoma, mwalimu."

"Donc? Kwa hiyo?"

Hakuniangalia. "Juu maji ilishafika. Ilipita dirisha." Kidole chake kilifuata mchoro wa penseli mpaka saa tatu. "Nimeileta hapa. Saa tatu mama iko anaosha masahani. Watoto bado wako macho. Saa tisa walikuwa wanalala."

Nililivuta daftari karibu. Nikaona nukta nne ndogo juu kabisa ya ukurasa, mahali ambapo mchoro haufiki.

"Na hizi?"

"Ni watu ya kwetu," alisema. "Hapa walisikia maji, wakapanda mulima."

Mstari wangu mwekundu ulikuwa umeshapita juu yao wote wanne.