Vilele vya Shaweji

Maabara ile ilikuwa na desturi yake: kabla ya kupima damu ya wagonjwa, wafanyakazi walitoa damu yao wenyewe kwa majaribio. Shaweji ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Sasa Shaweji ni marehemu, na Mwanahawa ameambiwa afute mafaili ya majaribio ili kompyuta ipate nafasi.

“Dada, bado tu?” Mbaruku aliuliza kutoka mlangoni. “Sampuli za wagonjwa zinasubiri.”

“Nivumilie kidogo, kaka. Sijawahi kumtazama Shaweji peke yake.”

“Si tulishachora vilele vyote vya vinasaba?”

“Tulivichora seli zetu sote zikiwa zimechanganywa pamoja. Seli zake zilikuwa chache, zikamezwa na zetu.”

Mbaruku akavuta kiti. “Hata humo kazungukwa na watu. Huyu hakuweza kunywa chai peke yake.”

Mwanahawa akacheka taratibu. Akazichagua seli za Shaweji ndani ya mafaili, akaziacha nyingine zote, akaiamuru kompyuta itafute vilele upya: mahali ambapo vinasaba vyake vilikuwa wazi, vikifanya kazi, saa ile alipotoa damu.

Mstari kwenye skrini ulikaa bapa kwa muda. Kisha vilele vikaanza kuinuka, vingine mahali ambapo mchoro wa zamani ulikuwa tambarare. Ilikuwa asubuhi ile ya kutoa damu tena, Shaweji amefumba jicho moja kwa kuogopa sindano, akimwomba muuguzi ambakishie damu ya kurudi nayo nyumbani.

“Nikufutie mimi hayo mafaili?” Mbaruku aliuliza kwa sauti ya chini.

Mwanahawa akausogeza mchoro mbele. Vilele vilikuwa bado vinakuja.