Rasharasha ya Elieshi

Ti. Kesi ya bobini ya cherehani iligusa meza gizani. Magomeni nzima umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi.

Kesho kikosini, Koplo Elieshi angefungwa kitambaa machoni, aifungue bunduki ya rasharasha na kuifunga tena. Akishindwa, bunduki hiyo anapewa mwingine.

"Hiyo siyo sufuria, dada," wenzake walikuwa wamemtania.

Bunduki haiji nyumbani, basi alifumba macho akaifungua cherehani kipande kwa kipande. Vidole vilinuka mafuta yaleyale ya bunduki. Akaifunga, akazungusha gurudumu. Sindano ikatoboa kitambaa bila kusita.

"Lete tochi, mwanangu," alisema, macho bado kayafumba, kifua kimemjaa fahari. "Njoo uone kazi ya mama yako."

"Mama, umeme umerudi kitambo."