Ushiriki Mzuri Sana

Msimamizi alijaza fomu zote za tangu Jumatatu kwa mkupuo mmoja, akiwa ofisini, mlango kaufunga. Kuchora: ushiriki mzuri sana. Ngoma: ushiriki mzuri sana. Kalamu haikuona haya. Leo mkaguzi anakuja, na kituo kikinyimwa kibali, cheo chake kitaota mbawa.

Katika chumba cha pili, ambako hakanyagi ila akilazimika, walishinda watu wazima tisa wasiosema wala kutembea. Yeye aliwaita magunia. Mlezi alipomaliza asubuhi nzima akimshikisha mmoja wao njuga, akingoja aitikise mwenyewe, msimamizi alimcheka: "Unampigia mbuzi gitaa."

Sasa mlezi alichungulia mlangoni. "Bosi, kuhusu yule dada wa dirishani..."

"Kama ni kikombe chake, nilishasema hapewi! Kutwa kugonga meza, kwani hapa kwa wahunzi? Kapake rangi makaratasi, uandike majina yao. Haraka!"

Mlezi akaenda kutafuta rangi.

Saa nne akaingia mwanamume mwenye suti nyeusi na mkoba mtupu. Msimamizi alimchekea mpaka magego yakaonekana.

"Karibu sana, mheshimiwa! Tulikuwa tunakungoja."

Mgeni alishangaa kidogo. "Nimekuja kwa habari ya yule dada aliyekuwa akikaa dirishani."

Wajanja hawa wakaguzi, msimamizi aliwaza; huchomoa mmoja tu, wakamchimba. Akaivuta fomu, wino haujakauka vizuri.

"Huyo ndiye nyota yetu! Jumatatu kachora ua. Jana kapiga ngoma, kacheka mpaka machozi."

"Jana?"

"Jana hiyohiyo. Mkono nilimshika mimi mwenyewe."

Mgeni aliisoma fomu mstari kwa mstari. Akairudisha mezani taratibu.

"Na kikombe alichotoka nacho nyumbani?"

Msimamizi alijiuliza mtu huyu kajuaje. Akakitoa kwenye droo, chini ya mihuri, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

"Tunakitunza, mheshimiwa. Anakipenda mno."

Mgeni alikipokea, akakigonga mezani mara mbili, polepole, kisha akakitia mkobani.

"Ni dada yangu," alisema. "Tulimzika Jumapili."