Wazima wa Mtaa wa Kokoto

Siku hizi bangili ya serikali ndiyo humwambia mtu kama anaumwa, nayo humpima kwa kumlinganisha na majirani zake. Kwa Mzee Machano na wapasua kokoto wenzake, kukohoa ni afya. Mkewe alizikwa bangili ingali ikisema, "Mzima."

Binti yake Mize, aliyeolewa mtaa wa matajiri, alimvisha ya kwake. Ikawaka nyekundu: "Hospitali, leo hii!"

"Baba, umesikia? Twende."

"Hiyo imezoea watu wanaolia wakiumwa na mbu. Wakubwa ndio wanaougua, mwanangu. Sisi wametupangia kuzoea."

Akavaa yake. "Mzima," ikasema.

Akasikia kifua chepesi kabisa. Akashika nyundo, akatema damu na kuifukia kwa mguu, kama wafanyavyo wazima wote wa pale.