Kisu Safi cha Dymphna

Jaji wa shindano la mikate aliinua kisu chenye chembe za mikate ya wengine, na Dymphna akamdaka mkono.

"Samahani, mzee. Huu ukate kwa kisu safi."

Hema zima la maonyesho ya wakulima wa Roscommon likageuka. Siri ikatoka: mkate ule, uliokaa katikati ya mikate ya ngano, ulitokana na unga aliouchanganya mwenyewe, wa mchele na viazi. Bintiye, aliyesimama kando yake, ana ugonjwa wa siliaki. Chembe ya ngano humlaza kitandani. Dymphna alitaka mkate wake uonjwe kama mkate, si kama dawa.

"Bado unafyatua matofali, dada?" jirani mmoja akamtania, akikumbuka mikate yake ya awali iliyokuwa migumu.

Dymphna alitoa kisu safi mkobani, akampa jaji.

Jaji akakata kipande, akakibonyeza kwa dole gumba. Kikabonyea, kisha taratibu kikainuka. Akala. Akakata cha pili, akala tena.

Cha tatu, kinene, akampa binti.

"Nani kaoka huu?" jaji akamuuliza.

"Mama yangu!" akajibu binti, mdomo umejaa, kwa sauti ya kusikika hadi nje ya hema.